Wiki Baba Alipojifunza Kukaanga Vitunguu

Kuna sauti ambayo hunigeuza kichwa hata nikiwa katikati ya mazungumzo: kitunguu kikiingia kwenye mafuta yaliyopata moto. Huanza kwa kishindo kama mvua ya ghafla juu ya mabati, kisha hutulia polepole mpaka iwe mnong'ono. Juzi nikishuka ngazi za ofisi yetu pale Hurlingham niliisikia kutoka jikoni mwa mkahawa wa chini, na harufu yake ikanifuata hadi barabarani. Nilisimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimekalia ndoo iliyopinduliwa kule kwetu Kawangware, nikisubiri Baba aniambie, "Onja hii."

Baba yangu aliosha vyombo. Kwa miaka minane alikuwa akiosha sahani na masufuria katika mkahawa mmoja wa Hurlingham, mpaka jumba lile likabomolewa ili yajengwe maghorofa ya kupangisha. Baada ya hapo alikaa nyumbani miezi mitatu. Mama aliondoka asubuhi kwenda kazini, nami mwezi wa mwisho nikabaki na Baba, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na kukaa bure kulimfanya apige pasi hata mashuka.

Siku moja akaja mzee Barasa, mtu wa nyumbani kwetu Bungoma, aliyekuwa mlinzi katika nyumba moja ya Lavington. Hakukaa hata kitini.

"Wafula, madam yetu anatafuta mpishi," alisema. "Jumamosi mtoto wake ana birthday. Nimemwambia niko na ndugu yangu amefanya hotelini Hurlingham. Unaenda kupikia watoto, akipenda anakuandika."

"Lakini mimi nilikuwa naosha vyombo," Baba akasema.

"Si ilikuwa ni jikoni?" Barasa akajibu, na akaenda zake.

Kuku na chipsi za siku hiyo havikumtia Baba wasiwasi. Alikuwa akitupikia vizuri miaka yote, jambo lililowafanya majirani wacheke kichinichini na Mama atembee kifua mbele. Shida ilikuwa moja. Mtoto wa Lavington alikuwa ameomba pete za vitunguu, zile za kukaangwa zikawa ngumu kwa nje na laini kwa ndani. Baba aliziona zikipita mbele yake kila siku kwa miaka minane, zikienda mezani. Hakuwahi kuzipika hata siku moja.

Basi akajipa wiki moja. Mimi akanipa kazi ya kuonja.

Jumatatu zilitoka zimenona kama mandazi. Nilipouma, kitunguu kiliteleza kikaning'inia kidevuni, na ganda likabaki mkononi, tupu. Jumanne mafuta hayakuwa yamepata moto, zikayanywa yote, nikapangusa midomo mara tatu. Jumatano alipunguza maji kwenye rojo la unga, akaongeza kijiko cha unga wa ugali ili upatikane ukakamavu. Hizo zililia kwatu nilipouma, nikapiga makofi. Lakini kitunguu kiliteleza vilevile, ganda likabaki peke yake.

"Hii imekataa," Baba alisema, akiishika ile pete tupu mbele ya dirisha kama daktari anayeangalia picha ya mfupa.

Mama alirudi jioni akakuta nyumba yote inanuka vitunguu, pazia na sweta yangu ya shule pamoja. Hakulalamika. Alikula zile zilizoharibika kwa ugali na sukuma, akasema tu, "Leo ni afadhali kuliko jana." Baba akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Alhamisi asubuhi alikuwa akitenganisha duara za kitunguu, mimi nikizipanga kwenye sinia kutoka kubwa hadi ndogo. Ngozi moja nyembamba, nyepesi kama karatasi ya nailoni, ikanata kwenye kidole changu. Nilijaribu kuikung'uta ikakataa, nikamwonyesha. Baba aliitazama. Kisha akaweka kisu chini.

"Hizi ngozi!" akasema. "Nekesa, hizi ngozi! Kila siku zilikuwa zinaziba sinki yangu. Nilikuwa nazitoa na mkono, natukana mpishi kimoyomoyo. Kumbe alikuwa anazitoa kwa kitunguu!"

Alikuwa kama mtu aliyepata barua aliyotumiwa zamani. Tukaketi wote wawili, tukavua kila duara ngozi yake ya ndani kwa kucha, polepole, machozi yakitutoka. Akaziloweka kwenye maji baridi, akazipangusa kwa kitambaa safi zikakauka kabisa, akazipitisha kwenye unga mkavu kwanza ndipo akazichovya kwenye rojo. Akatia nne tu kwenye sufuria. "Ukijaza, mafuta yanapoa," alisema, na sijui kama alikuwa akiniambia mimi au akijiambia mwenyewe. Zilipotoka zilikuwa rangi ya asali. Niliuma. Ganda na kitunguu vilikatika pamoja, kwa sauti ambayo Baba aliisikia akiwa upande wa pili wa chumba, na sikuhitaji kumwambia neno.

Jumamosi Mama alikuwa kazini, kwa hivyo nikaenda na Baba Lavington. Barasa alitufungulia geti akiwa amenyoosha mgongo kuliko kawaida. Jiko la nyumba ile lilikuwa kubwa kuliko chumba chetu. Nilikaa kwenye kigoda pembeni nikimwangalia Baba akivaa aproni iliyopigwa pasi, akipanga vitu vyake kimya, akivua ngozi moja moja kana kwamba hakuna saa ukutani. Wakati huo nilimwona mkubwa kuliko ile nyumba.

Sinia ya kwanza ilitoka, kelele za watoto huko bustanini zikakatika ghafla, kisha wakaja wawili kuomba nyingine. Madam akaingia jikoni akiwa ameshika pete moja iliyoumwa nusu. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini.

"Wafula, hizi ni nzuri sana," alisema. "Kule hotelini ulipika miaka mingapi?"

Jibu lilikuwa tayari. Barasa alishalipika. Nilimtazama Baba nikingoja aseme minane.

Baba alizima moto kwanza. Akapangusa mikono yake.

"Sikupika, madam. Niliosha vyombo miaka minane. Hizi nimejifunza wiki hii kwa nyumba, huyu msichana wangu akionja. Barasa hakukuelezea vizuri, lakini usimlaumu. Mimi ndiye nilipaswa kusema mapema."

Madam alinitazama, akamtazama tena Baba. Alitoka. Baba akawasha moto tena, akaendelea na kazi, kwa sababu watoto walikuwa bado wanangoja.

Nilikasirika sana. Tukiosha vyombo nilimnong'oneza, "Kwa nini ulimwambia?"

"Jumatatu akiniambia nipike kitu sijawahi kuona," akajibu, "nitamwambia nini?"

Tulipokuwa tukiaga, madam alimwita mlangoni. Alimwambia aje Jumatatu saa moja, na kwamba asichokijua watakitafuta pamoja. Baba alipika katika nyumba ile mpaka mimi nikamaliza shule ya upili.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama kisa cha vitunguu: namna baba yangu alivyovumbua siri kwa uchafu wa sinki. Nilidhani ndiyo sehemu ya kujivunia. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa mbele ya meza ya watu waliokuwa wakinihoji kwa kazi niliyoitamani sana, nilipoulizwa kama ninaujua mfumo fulani wa hesabu, na uongo mdogo, safi, ukanijia hadi kwenye ulimi. Hapo ndipo nilipoelewa kile Baba alichokuwa nacho mkononi siku ile. Alikuwa na miezi mitatu ya kukaa bure, mke aliyebeba nyumba peke yake, rafiki aliyejiweka dhamana kwa ajili yake, na jibu la neno moja ambalo hakuna mtu angegundua kuwa ni uongo. Hakuna mtu, ila mtoto wa miaka tisa aliyekaa kwenye kigoda, aliyekuwa akijua idadi ya siku alizojifunza.

Jibu lake kuhusu Jumatatu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa lote. Sikumuuliza lililobaki. Niliwaambia wale watu, "Siujui, lakini nikipewa wiki moja nitaujua," na nikasikia sauti yangu haitetemeki.