Siku Nilipochemsha Wadudu wa Mtaalamu

Aibu hii ni yangu na simsingizii mtu, maana hadi leo wapo kijijini wanaoniita Mama Supu, na mimi huitika.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, tumeshahamia huku njia ya Nzega, akaja kijana mtaalamu, Rashidi, mtoto wa Tabora mjini, akachimba mizizi ya karanga zetu msimu mzima, akasema humo mizizini mna wadudu wasioonekana kwa macho wanaotoa dawa ya kukuza mizizi, naye anawafuga kwenye chupa za mchuzi wa kuwalisha ili dawa yao ikapimwe Ulaya, kwa mashine inayopima uzito wa vitu vidogo kuliko vumbi. Gari lake likaharibika, akaenda mjini kutafuta kipuri, chupa sita akaniachia mimi kwa kuwa nasifika kwa usafi (sifa hiyo ndiyo iliyoniponza).

"Mama, ziweke penye joto, usizifungue."

Siku ya tatu mchuzi uliokuwa safi nikaukuta umeingia ukungu, na kwangu mchuzi wa hivyo umechacha. Redio nayo kila siku ilituhimiza tuchemshe maji wadudu wafe. Basi nikazipanga chupa kwenye sufuria ya maji, pamba zake mdomoni, nikachemsha mpaka nikaridhika.

Rashidi akarudi siku ya mkutano wa kijiji, ghala la ushirika limejaa watu, mwenyekiti akanisimamisha nisifiwe kwa kuzitunza chupa, nami kwa kujiona nikasema, "Nimewachemsha wote, hakupona hata mmoja."

Rashidi akakaa juu ya gunia.

"Kumbe mgeni kapikiwa supu," akasema Mzee Kasanda, ghala zima likacheka, nami nikakumbuka kijana yule alivyoinama juani msimu mzima, nikatamani ardhi inimeze.

Rashidi akauliza taratibu, "Mama, ukungu ulitanda kabla hujachemsha?"

"Ulitanda."

"Na hukufungua?"

"Si ulinikataza?"

Akashusha pumzi. "Basi ukungu ule ni wao wenyewe walivyozaana, walishafanya kazi yao. Mashine haipimi wadudu, inapima dawa waliyoitoa, na moto hauimalizi yote. Nitaandika kwamba zimechemshwa." Kisha akaugeukia mkutano. "Angefungua, wadudu wengine wangeingia, ningepoteza zote. Mshukuruni."

Ndiye wa kushukuriwa yeye, aliyenisitiri mbele za watu huku moyo wake ukiuma. Baadaye akaleta barua ya Ulaya: dawa ilionekana kwenye chupa zote sita.

Tangu siku ile sichemshi cha mtu kabla sijauliza. Maji ya kunywa bado nachemsha.