Sanduku Lisilo na Ufa

Mng'arisha viatu anayekaa chini ya ofisi yetu huianika mikebe yake juani asubuhi, na polishi ikishapata joto, harufu yake hupanda ngazi mpaka mezani pangu. Wenzangu hulalamika na kufunga dirisha. Mimi hutabasamu peke yangu, maana harufu ile hunirudisha Kaloleni, sebuleni kwetu, Jumapili moja mchana miaka ya tisini, siku ambayo nusura kompyuta yetu ya kwanza itufie mikononi.

Nasema yetu, yaani mimi na kaka yangu Kioko. Yeye alikuwa chuo cha ufundi, mimi kidato cha pili, na sote tuliugua ugonjwa mmoja: mchezo wa mbio za magari tuliouonja mara moja kwa rafiki yake. Kununua kompyuta nzima kulikuwa ndoto za Alinacha. Basi tukaamua kuiunda kipande kwa kipande. Mwaka mzima tulikwenda masomoni kwa miguu, mchana tukashindia mahindi ya kuchemsha, na kila tulichobana tukakipeleka Industrial Area kwa mafundi waliokuwa wakifungua mashine zilizotupwa na maofisi. Mwezi mmoja tulirudi na diski, mwezi mwingine na kibodi iliyokosa herufi mbili. Vyote vililala chini ya kitanda changu, vimefungwa kwa kanga kuukuu za mama, na ole wake aliyefagia pale bila kuniuliza.

Kilichotushinda ni ganda la kuvitia. Hapo ndipo baba alipoingia. Alikuwa mchonga vinyago, karakana yake ikiwa Pumwani, na miezi yote hiyo alitutazama vile mtu mzima anavyotazama watoto wakipika matope.

"Sanduku nitawatengenezea," alisema. "Lakini hiki kitu kikishindwa, sitaki kusikia tena habari za mashine humu ndani. Kioko atakuja karakana ashike tezo. Na wewe, mwaitu, utashika vitabu vyako."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mamake, Mwende. Neno tamu kama hilo likitangulia tishio, ujue mzee hatanii.

Sasa, lazima nikuambie jambo kuhusu wachongaji. Adui yao ni ufa. Kinyago chenye ufa, mnunuzi hukigeuza mara moja tu na kukirudisha mezani. Kwa hiyo wao huchanganya vumbi la mbao na gundi, wakaziba, wakapiga msasa, kisha wakapaka polishi ya viatu mpaka aliyeziba mwenyewe asijue alipoziba. Sanduku letu la mbao za muhugu lilifanyiwa hayo yote, ndani na nje. Hata tundu la kupitishia nyaya baba alilizungushia kitambaa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema huku akipapasa kila pembe kwa kidole gumba. Sisi tulimshangilia. Sanduku liling'aa, bwana, hata mama akataka kuliwekea kitambaa cha kushonwa.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, majirani walijaa sebuleni wakinywa chai. Kioko akabonyeza swichi, na gari jekundu likatokea kwenye skrini. Watu wakapiga makofi. Yeye aliendesha kwanza, kisha zamu ikawa yangu. Nilikuwa ndio nampita mtu wa pili nilipoona barabara imeganda, halafu skrini ikawa nyeusi ti. Harufu ya polishi ilijaa chumba kizima. Kioko alibonyeza swichi tena na tena, kimya.

"Imeenda hiyo," alisema. "Imeungua."

Majirani walitupa pole na kuondoka mmoja mmoja, vikombe vikiwa nusu. Baba aliinuka bila kututazama, akaenda kukaa nje kwenye kigoda, mgongo ameupa mlango. Nililia, na sioni haya kusema.

"Mkimaliza msiba," mama akasema, "mtoe hicho kitu mezani. Watu watalia wapi chakula?"

Nikafungua kifuniko. Joto lilinipiga usoni kama la sufuria ya githeri, na polishi ilikuwa imeyeyuka ikichuruzika kwenye mbao.

"Wacha ipoe," nikasema.

"Mwende, imekufa."

"Wacha ipoe kwanza."

Nikaipepea kwa sinia mpaka mkono ukafa ganzi. Tulipobonyeza tena, feni ilizunguka na mashine ikalia mlio wake mfupi. Nikakaa sakafuni nikicheka na makamasi yangu.

Furaha ikapungua tulipomkumbuka baba.

"Buda tutamwambia nini?" Kioko akanong'ona. "Kwamba ni sanduku lake? Enda wewe. Si wewe ndiye mama yake?"

Nilitoka, nikasimama nyuma ya kigoda.

"Baba, mashine inataka nyufa kidogo. Ilikosa hewa."

Hakugeuka. "Haijafa?"

"Haijafa, baba."

"Una hakika?"

"Inalia. Njoo uisikie."

"Haijafa," akarudia. Nilidhani kelele za watoto uani zilimzuia kunisikia. Kisha akaingia, akachukua keekee, akatoboa matundu ubavuni mwa sanduku huku na huku, akipuliza vumbi na kuimba wimbo wa kanisa. Majirani walirudi kana kwamba hawakuwa wametoka.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha watoto walioponea chupuchupu. Juzijuzi tu, baba akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilikisimulia tena jikoni, mimi na mama tukichambua ndengu. Mama hakucheka. Aliniambia kwamba mchana ule alimpelekea baba chai nje, naye akaikataa. "Nililigusa lile sanduku, nikasikia joto," baba alimwambia. "Nimewaulia watoto kitu chao. Nitawatazama vipi?"

Nami nilidhani pale kigodani alikuwa anatutungia hukumu. Kumbe alikuwa anangoja yake, na mimi, bila kujua, ndiye niliyetoka kumwambia haijafa.