Mtunzi na Mtunza

Watu wa Makongeni walimwita Phares Amolo "Mwalimu", ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alikuwa karani wa reli, kazi yake kugonga mihuri kwenye karatasi za mizigo, na jioni alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa dogo nyuma ya nyumba za reli. Lakini Makongeni ya siku zile, ukijua kusoma noti za solfa, ukaweza kuwaambia watu do iko wapi na mi iko wapi, umekuwa mwalimu upende usipende. Phares alipenda. Alipenda sana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwaka wa sabini na tisa mambo mawili yalimteka akili. La kwanza ni redio. Jumapili alasiri, chakula kikishatelemka, alizungusha kitufe cha redio mpaka akapata stesheni za ng'ambo zinazopiga okestra. Na si okestra za kupigia gwaride, la. Hizi zilikuwa mpya, vinanda na filimbi vinaingia polepole, vinakaa kwenye noti moja mpaka unasahau kama unasikiliza muziki au upepo.

"Mzee, hii redio imeharibika," mkewe Aloo alimwambia.

"Huo ni muziki wa anga, mama. Wenzetu siku hizi ndivyo wanavyotunga."

"Basi wenzetu wameharibika."

La pili lilikuwa kitabu cha sayari alichonunua kwa muuza vitabu vikuukuu, kimekosa jalada na kurasa tano za mwanzo. Humo alijifunza jinsi mwezi unavyoweza kusimama kati ya dunia na jua mpaka mchana ukawa kama magharibi. Kisha magazetini akasoma kwamba jambo hilo hilo lingetokea Kenya, mwezi wa pili mwaka wa themanini. Basi! Phares hakulala vizuri tena. Aliapa kwamba siku jua litakapopatwa, wakati wengine wamejifungia ndani kwa hofu, kwaya yake itasimama uwanjani iimbe wimbo mpya ambao Nairobi haijausikia.

Akautunga kwa kitabu. Alichukua umbali wa kila sayari kutoka kwenye jua akaugeuza noti. Utaridi, iliyo karibu, akaipa do ya chini. Zuhura akaipandisha kidogo. Dunia, Mirihi, akaendelea hivyo hivyo, na alipofika Zohali alikuwa juu huko ambako hata ndege hatui. Maneno hakuweka. Alisema sayari hazina maneno.

Siku ya mazoezi ilikuwa vituko. Besi waliguna kama ng'ombe aliyenasa matopeni, soprano wakapiga ukunga, wanaume wa sauti ya tena wakaangua kicheko. Thuo, fundi viatu aliyeongoza besi, akainua mkono. "Mwalimu, naomba kuuliza. Hizi sayari zimegombana?"

Phares akawapa mapumziko, uso umemvimba kwa hasira. Na katika mapumziko hayo ndipo alipomsikia Ndanu.

Ndanu alikuwa mwimbaji wa alto, mama wa makamo, Mkamba wa Mwala, aliyeuza maharagwe na pojo karibu na Soko la Burma. Solfa hakuijua hata kidogo. Nyimbo zote alizishika kwa sikio. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma akifunga kitambaa chake upya, huku anaimba kwa pua, midomo imefungwa. Sauti ilishuka polepole, ikatulia, ikashuka tena, mpaka ikafika mahali ukatamani kuketi chini. Phares alisimama na chaki mkononi. Mwili ulimsisimka.

"Huo wimbo ni wa nani, dada?"

"Ni wangu, Mwalimu. Niliutunga nikiwa msichana, kule kwetu. Nilikuwa nikiwaingiza kuku bandani giza likianza. Hauna maneno. Kuku hawajui maneno."

Ai! Kitabu cha sayari kilisema wazi: jua likipatwa, kuku hudanganyika wakadhani ni jioni, wakaenda kulala. Phares alichana karatasi za Utaridi na Zohali mbele ya watu. Wiki ile nzima Ndanu aliimba, naye akaandika noti, akawapangia soprano, tena na besi waufuate wimbo wa Ndanu kwa zamu, kila kundi likichelewa kidogo nyuma ya jingine, kama alivyosikia kwenye redio. Ulipoimbwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Thuo mwenyewe alivua kofia.

"Sasa sikilizeni," Phares aliwaambia. "Huyu Ndanu ndiye mtunzi. Mimi ni mtunza. Yeye ametunga, mimi nautunza kwenye karatasi. Herufi moja tu ndiyo inayotutenganisha!" Wote wakacheka, Ndanu naye akacheka mpaka akaziba mdomo. "Mtu wa redio atakuja kuurekodi, na jina lako litatajwa, dada. Nakuahidi."

Neno hilo Ndanu alilibeba kama yai. Alituma habari Mwala kwa mama yake, mwaitu wake aliyemlea peke yake, kwamba wimbo wa kuku utaimbwa redioni na jina la Ndanu litasemwa na Kenya yote isikie. Bi kizee naye si wa kunyamaza. Aliwaambia wanawake wote wa kisimani.

Siku yenyewe ikaja, Jumamosi, saa tano asubuhi na dakika zake. Makongeni milango ilifungwa, mapazia yakashushwa, watoto wakaingizwa chini ya vitanda. Kwaya ikasimama uwanjani, na mbele yao mtu wa redio aliyeletwa na mzee wa kanisa, na mashine yake ya kurekodi. Mwanga ukaanza kuwa wa ajabu, wa kijivu, baridi ikaingia. Jua likabaki kama ukucha. Ndanu akaanza. Wengine wakamfuata. Na kuku wa jirani, nawaambia ukweli, walikuja mmoja mmoja kwa foleni wakapita mbele ya kwaya, wakaingia bandani. Mtu wa redio alitokwa na machozi.

Mwanga uliporudi, kila mtu alikimbilia kumshika Phares mkono. "Mwalimu, wewe ni hatari!" "Mwalimu, huu umeutoa wapi?" Alikuwa amelewa bila kuonja. Ndanu alikuwa ameingia kanisani kusaidia kupika chai. Mtu wa redio akatoa fomu, akaiweka juu ya meza ya katibu. Ilikuwa na mstari mmoja: Mtunzi.

Phares alishika kalamu. Alijua la kuandika. Hakuna mtu aliyemlazimisha, hakuna aliyemdanganya. Alijiambia mstari ni mmoja tu na majina mawili hayatoshi. Alijiambia Ndanu hajui solfa, na bila solfa wimbo huo ungebaki wa kuku. Alijiambia mengi kwa dakika moja. Kisha akaandika: Phares Amolo.

Wimbo ulipigwa redioni Jumapili mbili baadaye. Mtangazaji alilitamka jina la Phares vizuri kabisa, mpaka Aloo aliyekuwa anachambua mchele akainua kichwa. Hakupiga vigelegele. "Si ulisema ni wa yule mama wa maharagwe?" aliuliza.

"Nyamaza, tusikilize."

Jumanne Ndanu alikuja mlangoni mwao, hata kuketi akakataa. "Mwalimu, sikuja kwa ubaya. Wale watu wa redio walikosea?"

Hapo Phares alipewa nafasi ya pili, jamani. Imeletwa mpaka mlangoni. Naye akasema, "Walikosea, dada. Hao watu ni ovyo kabisa. Nitawaandikia."

Hakuandika. Ndanu alingoja mwezi mmoja, akangoja wa pili, kisha akaacha kuja kwaya. Akiulizwa alisema koo linamsumbua. Phares alianza kuzunguka njia ya mbali kwenda kazini ili asipite Burma. Wimbo ulipendwa ukaombwa harusini na mazishini, na kila ulipoombwa watu walimpigia makofi, naye aliinamisha kichwa. Wakasema, tazameni mtu asiye na maringo! Kumbe kichwa kiliinama chenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mwaka uliofuata kwaya ilialikwa kwenye tamasha la makanisa, na katibu wa kwaya, binti mmoja mchangamfu aitwaye Nabwire, akataka maneno ya programu. Phares alikaa na karatasi mezani jioni nzima. Mwishowe akaandika: "Mtunza: Phares Amolo." Herufi moja. Alidhani hapo amekiri. Alidhani Ndanu akiiona ataelewa, na wengine wasielewe kitu. Ungamo gani hilo la kujificha nyuma ya irabu?

Siku ya tamasha akafungua programu. "Mtunzi: Phares Amolo."

"Nilikurekebishia, Mwalimu," Nabwire alisema akicheka. "Siku hizi hata wewe unakosea herufi?"

Phares akasema, "Asante."

Ni Aloo aliyemletea yaliyobaki, mwaka wa themanini na tatu. Alikuwa ametoka Burma na kilo ya maharagwe, akaitua mezani kwa kishindo. "Unajua Ndanu hajakanyaga kwao miaka mitatu? Ile siku ya redio, mama yake alikuwa amekusanya wanawake. Likatajwa jina lako. Wakamcheka. Bi kizee akamwita binti yake mwongo mbele ya kisima kizima, akamwambia asirudi mpaka ajifunze kutojisifu. Na mimi hapa nakupikia maharagwe yake!"

Phares hakula. Aibu ya awali ilikuwa ya jina tu, aliizoea kama kiatu kinachobana. Hii ilikuwa nyingine. Hakujua kwamba alipoandika jina lake aliandika pia neno "mwongo" juu ya mtu mwingine. Jumamosi alfajiri alipanda basi la Machakos, akabadilisha pale, akafika Mwala jua limesimama utosini.

Mama yake Ndanu alikuwa mwembamba, macho makali, anasuka kiondo mbele ya nyumba. Alimpa kigoda. Phares alisema yote, bila solfa.

"Kwa hivyo mtoto wangu alisema kweli," bi kizee alisema.

"Alisema kweli, mama."

"Na mimi nikamwita mwongo kisimani." Alisuka mara tatu, nne, ndipo akauliza, "Miaka mitatu hii wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu yako ilikuwa inafanya kazi gani? Umeiweka nyumbani kama mgeni, unailisha, unailaza, na mimi mtoto wangu haji." Akaweka kiondo chini. "Nenda. Mwambie mwaitu wake amekosa. Mwambie aje nyumbani."

Jumatatu Phares alipita Burma, njia ya karibu, mara ya kwanza tangu wimbo upigwe redioni. Ndanu alikuwa anachambua pojo kwenye ungo. Alimsikiliza hadi mwisho. Aliposikia ujumbe wa mama yake, vidole vilisimama, akajipangusa macho na ncha ya kanga. Kisha akaendelea kuchambua.

"Asante kwa hiyo safari, Mwalimu. Kule Mwala, ulisema mbele ya nani?"

"Mbele ya mama yako."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na jina langu ulilichukua mbele ya nani?"

Mteja alikuja akitaka kilo mbili za maharagwe, Ndanu akamgeukia.

Jioni ile kwaya ilikuwa mazoezini. Phares alisimama mbele, akasema, "Wimbo wa jua haukutungwa na mimi. Umetungwa na Ndanu."

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. "Mwalimu na unyenyekevu wake!" Thuo alipaza sauti, na wengine wakaitikia, na Nabwire akasema mtu mwingine angejisifu mpaka Mombasa.

"Msinipigie makofi!" Phares alilia kwa sauti iliyokatika. "Niliiba. Nilimwahidi, halafu nikaandika jina langu. Akaja kwangu akaniuliza, nikamdanganya. Mama yake akamfukuza kwa sababu yangu. Niliiba, mnasikia?"

Makofi yaliisha. Yaliisha vibaya, mtu mmoja mmoja, wa mwisho akiwa mzee mmoja wa tena asiyesikia vizuri. Thuo aliangalia sakafu. Hakuna aliyemwita Mwalimu.

Nabwire ndiye aliyefungua daftari la kwaya, taratibu. Alifuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti ndogo: "Mtunzi, Ndanu." Kisha akamtazama. "Na mtunza? Niandike wewe?"

"Acha wazi," alisema Phares. "Mimi sikutunza kitu."