Malkia Aliyeachwa kwa Salamu

Katika ukumbi wa skuli pale Madungu, timu yetu ya Chake ilicheza sataranji na timu ya Wete, nami nikapewa kete nyeusi. Meza nyingine zilikwisha tukiwa sawa. Ilibaki yangu, na atakayeshinda ndiye atakayeipeleka timu yake Unguja.

Mpinzani wangu, mwalimu wa hesabu, alinichekea kabla hatujaanza. "Bi weye, hukuacha kitu jikoni kikaungua?" Nikapanga kete zangu. Kisha akajisifu kwamba babake, aliyeuita mchezo huu kazi ya wavivu miaka yote, leo amekubali kuja kumtazama.

Na kweli alijua kucheza. Alinibana mpaka mfalme wangu hana pa kupumulia. Akamnyanyua malkia ili animalize, na papo hapo babake akaingia na bakora yake, akatoa salamu. Ukumbi mzima tukasimama. Kwetu mzazi hapewi mkono wenye kitu. Basi yule bwana akamtua malkia hapo hapo ubaoni, palipo karibu, akaenda kumbusu babake mkono.

Aliporudi alitaka kumnyanyua tena.

"Ushamwacha," nikamwambia. "Ishachezwa."

Malkia alikuwa amekaa pale farasi wangu anaporukia.

"Bi, ntu alikuwa ampa mzee wake mkono!"

Mwamuzi akasema sheria iko upande wangu, ila nikiridhia atamruhusu arudie. Nahodha wangu akaninong'oneza nimwachie, ni adabu. Adabu! Kejeli ya jikoni hakuisikia?

"Siridhii," nikasema, nikamla malkia. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

Baada ya hapo ilikuwa kuchinja tu. Nilimla kete moja moja, polepole, nikimtazama usoni, mpaka akamlaza mfalme wake mwenyewe, kukubali kashindwa. Wenzangu wakapiga makofi.

Mzee hakujua malkia ni ipi wala farasi ni ipi. Aliuliza nani kashinda, akaoneshwa mimi. Akamgeukia mwanawe mbele ya watu wote.

"Nimetoka Wete kuja kutazama hichi? Hata upuuzi wenyewe huuwezi!"

Nilingoja ajitetee. Sote tulijua kilichompoteza, na neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingemtia babake lawamani.

"Nisamehe, baba," akasema, akatangulia mlangoni, akainama kumwekea viatu sawa.