Muvure wa Mama Uliogeuzwa Kihori

Baba yangu alikuwa mtu wa milimani. Ziwa alilijua kwa dagaa wake tu. Hilo halikumzuia kutaka ubaharia.

Mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini, ambaye baba alimbebea mizigo, alikuwa na mashua ya tanga kule Kigoma. Vijiji vingi vya kando ya ziwa havikuwa na gati, hivyo alihitaji kihori cha kushushia watu na magunia. Akamwambia baba: "Niletee kihori kizuri, nami nitakuchukua uwe baharia."

Baba akazunguka kama anayetafuta mchumba. Mtumbwi wa mto Malagarasi aliuona mrefu mno kukaa juu ya mashua. Cha mbao kilivuja. Kumbe alichokitaka kilikuwa nyuma ya nyumba yetu: muvure wa mama, gogo pana lililochongwa ndani, la kukamulia ndizi za pombe. Babu mzaa mama aliuchonga, akampa mama alipoolewa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Titye, mama aliacha hata jiwe la kusagia, lakini muvure ulibebwa. Pombe yake ndiyo iliyotuvisha.

"Huo kanipa data, baba yangu mzazi," mama alisema. "Uache."

"Mke wangu, gogo ni gogo. Likielea ni kihori."

Aliujaribu kijitoni, akakaa ndani, haukupinduka. Basi, imetosha! Akausugua kwa majivu, akaita wanaume wakaubeba mabegani mpaka barabarani kwenye lori. Kwetu wabebaji wa mzigo kama huo hunyweshwa pombe, na aliyewanywesha ni mama, pombe ya mwisho ya muvure ule ule. Nilimchukia baba siku ile, wala sioni haya kusema.

Ya ziwani aliyasimulia mwenyewe. Jua lilipoupiga ule mti juu ya mashua, harufu ya pombe ikatoka, majivu yasisaidie kitu. Tajiri, yule mwenye duka, alikuwa Mwislamu wa swala tano. "Bwana wee, chombo cha pombe juu ya unga wa watu? Shusha!" Ukashushwa, ukafungwa kamba, ukaburutwa nyuma. Muvure haukuchongwa kupanda mawimbi. Upepo ulipokaza ukajaa maji, ukaivuta mashua mpaka ikaanza kulala ubavu. Baba akachukua panga, akakata kamba.

Alirudi shujaa. Majirani walijaa uani, naye akawaonyesha kwa mkono jinsi panga lilivyoshuka. Wakapiga makofi. Mama alisubiri yaishe.

"Ulipokata, uliuona ulikoelekea?"

Baba akacheka. "Nani atazame gogo, watu wanataka kufa?"

Kinachonikera ni kwamba hapo alisema kweli. Kosa lilifanyika nyuma ya nyumba yetu, na hilo hakuna aliyemuuliza. Mpaka anakufa, mama alikamulia ndizi zake kwa jirani, zamu yake ikiwa ya mwisho, wenyewe wakishamaliza. Na mpaka anazeeka, baba alinunuliwa pombe kilabuni ili asimulie tena alivyoiokoa mashua.