Chipsi za Kula Wawili

Wakimbiaji wa pale uwanjani walimwita Mama Viazi, na jina lenyewe walimpa kwa mapenzi. Kila Jumamosi, baada ya mbio ndefu, wenzake walipokuwa wamejibwaga nyasini wakihema kama mivukuto, yeye alifungua bakuli lake la mfuniko, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, yai, na maharage yaliyokwisha kupoa. Alikunja miguu, akala polepole, hana haraka na mtu. Wenzake wakipata pumzi, walivuka barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkahawa wa chipsi na kuku. Haukuwa na makuu: meza za plastiki, feni iliyozunguka kwa kujilazimisha, na makarai mawili ya mafuta yaliyochemka tangu asubuhi. Lakini harufu yake jamani! Harufu ile ilivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, ikaingia uwanjani, ikawashika watu pua na kuwavuta kama ng'ombe waliotiwa kamba.

Kocha wao, mwalimu mstaafu wa michezo, mtu mkavu kama ufito, hakuchoka kuhubiri. "Mwili ni chombo," alisema. "Ukikitia uchafu kitakuzimikia njiani. Kuleni mboga, kuleni nafaka, kunyweni maji. Haya mambo ya kukaanga, kukaanga, yaacheni."

"Sawa, Kocha!" waliitika kwa sauti moja, huku wakifunga kamba za viatu tayari kwa safari ya karaini. Wa mbele kabisa alikuwa fundi bomba mmoja waliyemwita Bonge, ambaye alikimbia kwa moyo kuliko kwa miguu. "Kocha, mimi nakimbia ili nile," alisema. "Nisipokula, sasa nimkimbie nani?"

Hapo Kocha alimnyooshea kidole Mama Viazi. "Mwigeni huyu. Huyu mama ana msimamo."

Mama Viazi aliinamisha uso, akamenya yai. Laiti wangelijua! Katika watu wote wa uwanja ule hakuna aliyezipenda chipsi kama yeye.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara kuu, na meza yake ilijaa sare za shule, suruali za maofisini za kupunguza kiuno, na vipande vya vitambaa ambavyo hakuwa na moyo wa kuvitupa. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa. Walikutana yeye akiwa bado anajifunza kushona na mwenzake akiwa utingo wa kufunga maturubai, na mahali pao pa kukutania palikuwa kibanda cha chipsi. Waliagiza sahani moja, wakaiweka katikati. Yeye alipenda zile ngumu, zile nyembamba zilizokauka pembeni zikawa za kahawia, na kijana yule alizigundua siku ya kwanza tu. Alizichagua moja moja kwa ncha ya kidole, akazisogeza upande wa msichana, asiseme neno. Wapo wanaoposwa kwa maneno matamu. Yeye aliposwa kwa chipsi ngumu.

Walioana, wakapata binti, binti akakua akaolewa, na ile sahani moja haikuwa mbili. Kila Dereva aliporudi safari, hata kabla ya kufungua begi, alisema, "Twende tukale." Walikwenda wakala, naye alisimulia ya njiani mpaka sahani ikabaki na chumvi tupu.

Lakini barabara nayo ina wivu. Kampuni iliongeza njia, malori yakawa yanavuka mipaka, foleni za mipakani zikawa za majuma. Safari ya wiki ikawa ya mwezi, ya mwezi ikawa ya msimu, mwishowe Dereva akahamishiwa kituo cha mbali, akawa anaonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi. Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Si kweli kwa nyumba ile. Pale, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kila kitu: kiti chake, kikombe chake, upande wake wa kitanda.

Siku moja, uchu ulipomzidi, mkewe alikwenda mkahawani peke yake. Aliagiza, akaketi, akala zile laini za katikati. Baadaye aligundua kwamba zile ngumu alikuwa amezitenga pembeni, na kwamba alikuwa akingoja mtu azisogeze. Aliinuka akaacha sahani pale pale, mhudumu akimwita nyuma, "Mama, hujamaliza!" Tangu siku hiyo hakuonja chipsi tena. Hakuacha kwa ajili ya afya. Kula peke yake kulimshinda, basi.

Na mbio nazo zilikuja hivyo hivyo. Kocha alileta suruali ipindwe, akamkuta fundi amesimama dirishani, kasikia lori linapita. Alimtazama kidogo, akamwambia, "Mama, asubuhi njoo uwanjani utembee. Dirisha halina mazoezi." Alikwenda akatembea. Kutembea kukawa kuchapuka, kuchapuka kukawa kukimbia, na katika kukimbia akapata saa moja ya siku ambayo masikio yake hayakutega ngurumo ya injini. Kwa hiyo aliishika saa ile kwa mikono miwili.

Simu ya mumewe ilikuja jioni, mtandao ukiruhusu.

"Umekula nini?" aliuliza mke.

"Hapa hotelini. Chipsi na nyama. Dereva atakula nini tena? Wewe je?"

"Viazi."

"Vya kukaanga?"

"Vya kuchemsha."

Dereva alicheka. "Unajitesa bure, mke wangu." Mkewe hakumwambia kwa nini.

Mji ulipotangaza mbio za nusu marathoni, Mama Viazi alijiandikisha, na Kocha akaanza kumpangia mazoezi kama anayemwandalia bibi harusi. Ndipo habari zikaja. Dereva alikuwa akilalamika miguu inakufa ganzi, macho yanaingia ukungu, na akiwa njiani alisimamisha lori kando ya barabara kwa sababu aliona taa mbili mahali penye moja. Wakampima. Sukari ilikuwa juu, presha iko juu, na kampuni ikasema lori basi, arudi nyumbani akajitibu. Miaka yote ile ya kula kwenye vibanda vya madereva, ameketi usukani mchana kutwa, miguu haina kazi ila kukanyaga breki, mwili ulikuwa umeihifadhi kimya kimya.

Alishuka kwenye basi akiwa na begi lile lile la zamani. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Viatu alikuwa amevikata kwa kisu pembeni ili miguu ipate nafasi. Siku hiyo mkewe alikuwa ameiota mara nyingi mno, na katika ndoto zote Dereva alikuwa na kiuno.

Waliingia ndani. Dereva aliweka begi juu ya kiti, akapangusa uso, akatabasamu tabasamu la utingo. "Twende tukale," alisema.

Moyo wa mke uliruka. Kisha akakumbuka maneno ya muuguzi kwenye simu: asile vya mafuta, apunguze chumvi, soda asiione.

"Nimepika," alisema.

Tabasamu likazimika. Dereva aliketi akala mboga na maharage yasiyo na chumvi, akasema ahsante kama mgeni.

Ikawa hivyo siku hadi siku. Mke alipika kwa bidii ya mtu anayezima moto. Mume alikula kwa utii wa mfungwa. Mchana alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akisikiliza barabara. "Hilo limebeba saruji," alisema bila kutazama nje. "Hilo halina kitu, linarudi. Hilo dereva wake mgeni, sikia anavyoua gia." Sauti yake ilikuwa na kiu. Mkewe alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asiisikie. Alikuwa amemtamani miaka yote hiyo, na sasa yuko umbali wa kutupiana mkasi, bado alimtamani.

Siku moja Dereva alisema, "Kule mpakani kuna mama mmoja mpishi. Nikiegesha tu, hajaniuliza, sahani imeshafika. Alijua ninachokula."

"Kwani mimi sijui unachokula?"

"Wewe unajua ninachotakiwa kula."

Hakusema kwa ubaya, lakini sindano ilipotea kitambaani, na fundi aliitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi iliyofuata walikimbia mbio ndefu za mwisho kabla ya shindano. Mama Viazi alimaliza miongoni mwa wa mwanzo. Aliketi nyasini, akafungua bakuli, wenzake wakavuka kama kawaida yao. Hata kiazi cha kwanza hakijafika mdomoni, Bonge alitokea mlangoni mwa mkahawa akipunga mikono yote miwili.

"Mama Viazi! Njoo huku! Shemeji yupo!"

Alifunika bakuli akavuka barabara. Moyoni alikuwa ameshatunga maneno, makali, yenye mpangilio. Aliingia. Pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, aliketi Kocha, paja la kuku mkononi, mdomo unang'aa.

"Leo tu," alisema Kocha.

Mhudumu akapita akimwekea sosi mezani. "Ya kwako ile ile, Mwalimu," akasema. Mkahawa mzima ukaangua kicheko, na Kocha akawa anatafuta leso kila mfuko isipokuwa ule wenye leso.

Mama Viazi hakucheka. Alikuwa amemwona mumewe kwenye meza ya katikati, sahani ya chipsi mbele yake. Alikwenda akasimama mbele yake, akafungua kinywa kutoa yale maneno. Ndipo alipoitazama sahani. Chipsi laini zilikuwa upande wa Dereva. Upande wa pili, mbele ya kiti kitupu, zilikuwa zimepangwa zile ngumu za kahawia, moja moja, kwa uangalifu.

Aliketi kwenye kile kiti.

"Nani alikuwa anakula upande huu?" aliuliza.

Dereva alitazama chini. "Hakuna mtu. Mazoea tu."

"Huko njiani nako?"

"Kila sahani. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Walisema namtengea jini."

Mama Viazi aliokota moja, akaitafuna. Ilikuwa imepoa na chumvi imezidi, na ilimfikisha mbali. "Mimi sijaonja hizi tangu uhame," alisema. "Nilijaribu nikashindwa. Hawa wote wanadhani nina msimamo."

Dereva alicheka, kicheko kikamgeukia katikati. Alijipangusa macho kwa vidole vyenye sosi, yakamwasha, akalia vizuri zaidi. Bonge, aliyekuwa akisikiliza bila aibu, aligeukia ukutani akasoma bei za soda.

"Nilidhani nikirudi nitarudi kwetu," alisema Dereva. "Kwako, kwenye hii. Kumbe nimerudi kwenye maharage."

"Nataka ukae," alisema mkewe. "Sijui kupika kitu kingine cha kumfanya mtu akae."

Walikula. Mke alimaliza zake, mume akapata za kuonja tu, kisha mke akaisogeza sahani. "Basi. Zilizobaki za Bonge." Bonge hakuulizwa mara mbili.

Dereva alitazama uwanja kupitia mlangoni. "Nikija kutembea pale watanicheka?"

"Watakucheka."

"Basi nitakuja. Nimechoka kuchekwa kwa mambo ya majini."

Nusu marathoni mkewe aliikimbia akaimaliza, si wa kwanza wala si wa mwisho, na Dereva alikuwa kwenye kamba ya mwisho akipiga kelele kama honi ya lori. Lakini hakurudishiwa lori. Sukari ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Ni ugonjwa wa kuishi nao, si wa kuagana nao. Nyumbani alianza kuingia jikoni mwenyewe, akijifunza kukoleza mboga kwa ndimu na kitunguu saumu badala ya chumvi, na akizichoma aliulaumu mkaa. Chipsi zikabaki kuwa za siku za nadra, sahani moja.

Asubuhi alikwenda na mkewe uwanjani, akiwa na raba mpya pana na shati lililokuwa limeanza kumpwaya. Siku ya kwanza mkewe alipunguza hatua ili watembee bega kwa bega. Ndicho alichokitamani miaka yote, kutembea naye tu, pasiwe na begi linalongoja mlangoni. Lakini kabla hawajafika kona ya kwanza Dereva alisimama akihema.

"Usinisubiri," alisema.

"Sina haraka."

"Mke wangu, umenisubiri vya kutosha. Nenda. Mimi nipo."

Alisita. Kisha akakimbia, kwanza kwa kujizuia, halafu miguu ikakumbuka kazi yake. Alipofika upande wa pili wa uwanja alitazama nyuma. Ng'ambo ya nyasi, mwanamume mwenye shati kubwa alikuwa amesimama, uso ameuelekeza barabarani ambako lori refu lilikuwa linabadilisha gia kupanda mlima. Alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea, kisha akageuka taratibu akaendelea kutembea, mdogo kwa umbali ule, hatua moja na nyingine.

Mama Viazi alimtamani pale pale, kwa uchungu ule ule wa zamani, kana kwamba kati yao kulikuwa na mipaka na majuma ya foleni. Akaongeza mwendo kuizunguka kona.