Madoa na Mdundo wa Kushusha Maziwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zizi la maziwa hapa Kitengela, nilishika ndoo, nikasimama kando ya ng'ombe, nikangoja.

"Unangoja nini, Naserian?" Meneja akauliza.

"Ndama."

Wakamuaji wote walicheka. Kwetu Bisil ndama ananyonya upande huu, mama anakamua upande ule huku akiimba. Hapa ndama alinyweshwa kwa chupa. Sawa, nikajifunza: osha chuchu na maji moto, kausha, kamua haraka. Ng'ombe akiachilia maziwa tunasema ameshusha. Asiposhusha, utavuta mpaka vidole vife.

Madoa, ng'ombe niliyemkamua, alikataa kushusha siku ndama wake alikufa. Meneja akaanza kumdunga oksitosini, dawa ya kushusha maziwa, kila asubuhi, na maziwa yakaja. Baada ya miezi, bila sindano hakutoa hata tone.

"Jumamosi lori la kichinjio linakuja," Meneja akasema. "Huyu ataenda."

Nililia kidogo nyuma ya rundo la nyasi, halafu nikamfuata Daktari wa mifugo.

"Oksitosini ni neuropeptidi," alisema, "yaani kipande kidogo cha protini ambacho seli za ubongo hutumiana kama ujumbe. Ndama akinyonya, seli fulani zinafyatuka pamoja, kisha zinapumzika, kisha tena. Oksitosini nyingine inaenda na damu hadi kwa kiwele. Nyingine inabaki ubongoni, inasukuma seli jirani zishike mdundo mmoja."

"Kama morani wakiimba? Mmoja anaanzisha, wengine wananguruma?"

"Karibu hivyo. Mdundo huo umeonekana vizuri kwa panya. Kwa ng'ombe naongea kwa tahadhari. Lakini hofu inazuia maziwa, hiyo najua. Na sindano ya Meneja inafika kwa kiwele, ubongoni haifiki vizuri."

"Na nikimwimbia?"

"Jaribu. Saa ile ile, mahali pale pale, mkono ule ule. Dawa nitaipunguza mimi kila siku."

Nikaimba ule wimbo wa mama.

"Wewe unakamua ama unaomba kura?" Meneja akanitania. Nikaendelea. Alhamisi, na dawa kidogo sana, Madoa alishusha nusu ndoo. Ijumaa, bila dawa, vikombe viwili.

Jumamosi nilikuwa nimeanza tu kuosha chuchu lori lilipoingia, injini ikinguruma. Madoa akainua masikio. Chuchu zikabaki tupu. Niliimba. Wapi!

Meneja alikuwa mlangoni, mikono mfukoni. Aliangalia masikio ya Madoa, kisha lori.

"Dereva!" akaita. "Zima hiyo kitu."

Zizi likanyamaza. Nikaosha chuchu upya, nikaanza wimbo mwanzo. Nikahisi kiwele kinajaa mkononi, kisha maziwa yakapiga ndoo. Lori liliondoka bila Madoa.

Sasa nimestaafu kukamua na sijafika miaka thelathini, msinicheke. Viganja vilikufa ganzi, na zizi likaleta mashine. Nashona shanga, naota zizi langu: ng'ombe kumi, kila mmoja na ndama wake ubavuni. Kwa sasa niko na jina la zizi tu. Mkianza kazi hii, mjue mikono ni nusu yake. Ile nusu ingine iko kichwani mwa ng'ombe, na huko hakuna mtu anaingia kwa nguvu.

Asubuhi zingine simu inalia nikipika chai. Ni Meneja.

"Naserian, mashine iko tayari lakini huyu ng'ombe amekataa kushusha. Nimeweka spika. Imba."